Baba amegoma kulipa ada, anasema elimu ya Biblia inaua imani

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Shikamoo. Mimi ni binti wa Rungwe, nasoma theolojia mwaka wa pili. Likizo iliyopita, katika ibada ya nyumbani kwetu, mzee mmoja alisoma Marko 16:17-18, penye ishara za waaminio, kama kushika nyoka. Nikasema kwamba mstari wa 9 hadi wa 20 haimo katika nakala kongwe za Kigiriki. Baba yangu, ambaye ni mzee wa kanisa, alinyamaza. Wiki iliyofuata mhubiri mgeni akamwambia kwamba chuoni tunafundishwa kuikana Biblia, maana imeandikwa "andiko huua, bali roho huhuisha". Sasa baba anasema hela yake ya viazi hailipi tena ada ya kuua imani. Je, nikiendelea kusoma natenda dhambi? Nimwombe radhi na kuyafuta niliyosema?

JIBU: Amina. Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nimekwama pale unaposema baba alinyamaza. Nitafika hapo.

Hutendi dhambi, na ulilosema ni kweli. Nakala ya Sinai na ile ya Vatikano, zote za karne ya 4, zinaishia mstari wa 8, penye maneno "maana waliogopa". Eusebio na Yeronimo, wasomi wa kanisa la kale, walikwisha kuliona jambo hilo katika zama zao. Lakini askofu Ireneo naye, karibu na mwaka 180, aliunukuu mstari wa 19, kwa hiyo maneno hayo si ya jana. Mimi naona hayakutoka mkononi mwa Marko. Nayasoma kanisani bila wasiwasi, ila fundisho lolote siliegemezi juu yake peke yake.

Sasa huyo mhubiri. Angerudi nyuma mistari mitatu tu asingethubutu kumwambia baba yako maneno yale. Katika 2 Wakorintho 3 Paulo anataja vibao vya mawe na "vibao ambavyo ni mioyo ya nyama". Andiko liuwalo ni ile sheria iliyochorwa kwenye jiwe, inayomhukumu mtu bila kumtia nguvu ya kuitii. Hapo hakuna chuo, hakuna kamusi ya Kigiriki, wala hakuna binti wa mwaka wa pili. Tena Paulo huyohuyo, akiwa kifungoni na kifo kikimnyemelea, anamwagiza Timotheo amletee joho "na vile vitabu, hasa vile vya ngozi", na afanye hima kabla ya wakati wa baridi. Sisi tunaoijua baridi ya Juni ya huku kwetu tunaelewa joho. Vitabu je? Kama kusoma kunaua, mbona mtume anaagiza sumu?

Luka anafungua Injili yake kwa kusema "nimejitafutia usahihi wa mambo hayo yote tangu mwanzo". Huo ni utafiti, na hakuna neno jingine la kuuita. Watu wa Beroya walisifiwa kwa sababu waliyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyosema Paulo ndivyo yalivyo. Walimpima mtume mwenyewe! Mhubiri wetu yeye hataki kupimwa hata na mtoto wa mzee wa kanisa.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba Biblia anayoipunga hewani akiwatukana wasomi imetengenezwa na wasomi. Union Version, Biblia ya Kiswahili ya 1952, ilipatikana baada ya watu kukaa miaka wakilinganisha Kiswahili cha Mombasa na cha Unguja, neno kwa neno. Na ninyi Wanyakyusa mnapoomba kwa jina la Kyala, mjue kwamba jina hilo wazee wenu walikuwa nalo kwa maana nyingine kabla ya wamisionari kufika Rungwe mwaka 1891. Kuliteua liwe jina la Mungu kulidai watu wakae, waulize, wasikilize, wapime. Luther, aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, naye alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Hoja 95 za mwaka 1517 aliziandika kwa mjadala wa wasomi, kwa Kilatini, na Agano Jipya lake la 1522 alilitafsiri kutoka Kigiriki kilichohaririwa na msomi Erasmus. Uprotestanti usio na mtu mezani, kitabu kikiwa wazi mbele yake, mimi siujui.

Na kutopima kuna gharama. Nimewahi kusimama kaburini kwa kijana aliyeachishwa dawa za kifua kikuu kwa ajili ya mstari wa 18, ule wa kunywa kitu cha kufisha na kuweka mikono juu ya wagonjwa. Aliyemwachisha hakuja mazikoni. Mtume hakumkemea Timotheo kwa tumbo lake bovu, alimwambia atumie mvinyo kidogo. Trofimo, mwenzake wa safari, akamwacha Mileto, hawezi.

Hata hivyo hofu ya baba yako haikuota hewani. Wapo walimu wanaoipasua Biblia kama mtu achinjaye kuku wa jirani, hana uchungu naye. Ukikutana nao, mkumbuke Bengel, Mlutheri mcha Mungu wa Ujerumani. Akiwa kijana alifadhaishwa na tofauti za nakala; mwaka 1707 zilihesabiwa kufika 30,000 hivi. Hakuzifumbia macho. Alizifuatilia moja moja kwa miaka, mwaka 1734 akachapa Agano Jipya la Kigiriki, na akakiri kwamba hakuona hata fundisho moja la imani lililotikiswa.

Sasa ule ukimya. Binti yangu, ulisema kweli mahali pasipo pake. Mzee ana Biblia mkononi, majirani wamekaa, wewe unasahihisha. Baba amesikia kwamba aliyoyaamini tangu ujana yana walakini, na anayasikia kwa mtoto aliyemsomesha kwa viazi, mbele ya wageni. Ungetaka aseme nini? Mimi nami niliporudi kutoka masomoni nilifanya vivyo hivyo kwenye ushirika mmoja, na mama mmoja mtu mzima aliniuliza kama Yesu bado amefufuka. Sijamsahau.

Kwa hiyo omba radhi kwa namna ulivyosema, usiyafute uliyosema. Mwombe baba, kisha umwendee na yule mzee aliyesoma. Nenda wakati wa kuvuna, shika jembe, usianzishe mazungumzo ya Marko. Baba akiyaanzisha mwenyewe, na ataanza, mwombe asome yeye: kutumwa kwa wanafunzi kumo katika Mathayo 28, kupaa kumo katika Luka 24, na nyoka yumo katika Matendo 28, pale Melita, anakungʼutwa motoni, na Paulo hadhuriki. Aone kwa macho yake kwamba hakuna alichonyangʼanywa. Halafu mfungulie Marko 16:8 mbaki kidogo na wale wanawake waliokimbia kaburini wakitetemeka. Muulize anadhani kwa nini Injili ingeishia hapo. Wazee wengi niliowauliza swali hilo wamenijibu vizuri kuliko wanafunzi wangu.

Habari ya ada, mwone mchungaji wa ushirika wenu kabla muhula haujafunguliwa, lakini umwambie baba kwanza kwamba unakwenda. Asije akalisikia hilo nalo mbele za watu.