Mnaoanza kusoma titi la panya, msiamini darubini peke yake

Ninyi mnaoanza patholojia hapa Kisumu, jambo moja litawachanganya mapema: tishu inayoelekea saratani si saratani changa. Nyingine hukaa vilevile hadi panya afe kwa uzee. Kwa hiyo kuitazama tu hakutoshi, lazima ijaribiwe.

Jaribio lenyewe lilielezwa na mtafiti DeOme na wenzake mwaka 1959. Huchukuliwa panya jike wa wiki 3 hivi, ambaye mifereji yake ya maziwa bado haijavuka tezi ya limfu ya titi la nne. Hukatwa kipande chote kutoka kwenye chuchu hadi kwenye tezi hiyo, yakabaki mafuta matupu, na humo ndimo inapopandikizwa tishu inayoshukiwa. Kile kipande kilichokatwa kisitupwe! Kitandazwe kwenye slaidi, kitiwe rangi, mhakikishe ncha zote za mifereji zimo. Ikisalia hata moja mwilini, mtakachokipima baadaye huenda ni tishu ya panya mwenyeji, si ile mliyoipandikiza.

Tishu ya kawaida hutandaza mifereji ndani ya mafuta, ikifika ukingoni husimama. Ikihamishwa panya hadi panya, mwishowe huchoka. Ile ya hatari nayo haitoki nje ya mafuta ya titi, ila haichoki, na mara nyingi hujaa vifuko vya maziwa kama vya panya mwenye mimba ilhali mwenyewe hajawahi kushika mimba. Saratani huota hata chini ya ngozi. Kwangu mimi tofauti hiyo ina uzito kuliko umbo lolote la seli.

Angalieni pia ni panya gani. Wale wa C3H, ukoo mmoja wa panya wa maabara, huweza kuambukizwa virusi vya uvimbe wa titi kupitia maziwa ya mama, na virusi hivyo vikijipachika karibu na jeni ya ukuaji kama Wnt1 huiamsha. Mambo huenda polepole, vinundu vikaonekana kimoja kimoja. Wale wa PyMT, waliotengenezwa mwaka 1992 kwa kupachikwa jeni ya virusi inayoleta saratani, hupata uvimbe karibu matiti yote ndani ya miezi michache. Wanafaa kujaribia dawa, lakini hawatawaeleza kwa nini kinundu fulani kilinyamaza.

Na mkiwa kliniki, akija mama kutoka Ahero na jibu la biopsi linalotaja seli zilizoongezeka isivyo kawaida, msimsomee hatima ya panya. Mwulizeni ni nani katika ukoo wake aliugua saratani ya titi, na asiondoke bila tarehe ya kurudi.