Jibu: Masters au Open, ipi iwe juu?

Jambo ndugu. Umekwama kupanga mashindano makuu manne ya gofu, hasa Masters na Open ya Uingereza. Mimi nimebeba mifuko ya wachezaji hapa Lubumbashi, na ninaangalia kwanza uwanja. Mwezi wa Agosti, ardhi ikikauka, nimeona mpira uliopigwa vizuri kabisa ukidunda na kutoroka hadi vichakani. Open, iliyoanza 1860, ndiyo hivyo, tena na upepo wa bahari na mashimo ya mchanga yenye kuta zinazomfika mtu kifuani. Naiweka ya kwanza. Masters hurudi kila mwaka kwenye uwanja uleule wa Augusta, Marekani, wakongwe wanaujua kila mteremko: ya pili. Kisha US Open (Open ya Marekani), halafu PGA Championship. Ukilinganisha wachezaji, anza na Mmarekani Jack Nicklaus: alishinda mashindano yote manne, jumla mataji makuu 18.