Springi au benda? Kupinda paipu ya kopa bila kuibonyeza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi hapa Umoja, Nairobi, huu ni mwaka wa pili nikijitegemea. Paipu ya kopa ya inchi 1/4 naipinda vizuri kwa springi, ile koili inayovikwa paipu, lakini ya 3/8 inabonyea karibu kila mara ninapotaka kona ya digrii 90 nyuma ya kiyoyozi, mahali ambapo nafasi ni finyu. Kuna rafiki anayetaka kuniuzia kifaa chake cha kupindia, yaani benda, cha haidroliki cha paipu za maji. Mwingine ameniambia nijaze mchanga. Pesa nilizo nazo zinatosha kifaa kimoja tu. Ninunue kipi?

JIBU: Marahaba, fundi. Ya haidroliki achana nayo, na mchanga usiuingize kabisa kwenye paipu itakayopitisha gesi. Nunua benda ya mkono yenye mikono miwili, ya 3/8, iliyochongwa kwa inchi. Hapo kwenye inchi ndipo nataka tukae kidogo, maana nimeona mafundi wazuri wakilaumu mikono yao ilhali kosa liko kwenye mfereji wa kifaa, pale paipu inapolala.

Paipu ikipindwa, ukuta wa nje wa kona huvutika ukawa mwembamba, na wa ndani husongamana. Kuta hizo mbili zinataka kusogeleana, kwa hiyo duara linageuka kuwa yai. Yai likizidi, ukuta wa ndani unaporomoka mara moja, na hapo umeshapata mkunjo. Lakini angalia: paipu haiwezi kuwa yai bila kutanuka mbavuni. Ukizibana mbavu zake, haina pa kwenda. Kazi ya springi ni hiyo, ya benda ni hiyo, hata ya mchanga ni hiyo. Zinatofautiana tu kwa jinsi zinavyobana.

Springi inabana kwa ulegevu. Mimi siitumii kwa kona yenye nusu kipenyo kilicho chini ya mara tano ya kipenyo cha nje cha paipu. Kwa 1/4 hiyo ni kama 32 mm, ndiyo maana unafaulu. Kwa 3/8 inafika karibu 48 mm, na nyuma ya kiyoyozi nafasi hiyo huna. Benda ya mikono miwili inaipinda 3/8 kwa takriban 24 mm, nusu ya hapo, na kona inatoka safi.

Sasa vipimo. Paipu zetu za gesi huitwa kwa kipenyo cha nje: 1/4 ni 6.35 mm, 3/8 ni 9.52 mm, nusu inchi ni 12.7 mm. Ukienda dukani kuulizia benda ya 3/8, unaweza kupewa ya 10 mm na kuambiwa ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Tofauti ni karibu nusu milimita, na ukuta wa paipu nzuri ya 3/8 ni kama 0.8 mm. Huo mwanya unatosha kuziachia mbavu zitanuke.

Hili nililijua kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga mashine juu ya jengo moja Upper Hill kwa benda ya 10 mm. Kona zilionekana nzuri, nikazivika foronya ya sponji, nikaondoka. Wiki mbili baadaye mteja akapiga simu: chumba hakipoi. Nilipovua sponji kwenye laini ya maji-gesi, ile inayopeleka gesi ikiwa kimiminika, nikakuta umande mzito na barafu mara tu baada ya kona, kumbe kabla ya kona paipu ni ya vuguvugu. Kona ilikuwa imebonyea ndani kiasi cha kufanya kazi ya kapilari, kile kipaipu chembamba cha kushusha presha: gesi ilikuwa inapoteza presha na kuanza kupoa pale pale, kabla ya kufika kwenye koili ya chumbani. Nilikata kona zote nne nikarudia kwa pesa zangu.

Kwa sababu hiyo hiyo benda ya rafiki yako haikufai. Paipu ya maji ya GI (chuma kilichopakwa zinki) inayoitwa nusu inchi ina kipenyo cha nje cha 21.3 mm, kwa kuwa majina ya paipu za maji hayafuati kipenyo cha nje. Kopa yako ya nusu inchi, yaani 12.7 mm, itaelea ndani ya fomu ya benda hiyo, na jeki itaikandamiza kama chapati.

Unapokwenda kununua, iwe Kirinyaga Road au Industrial Area, beba kipande cha paipu cha shibiri mbili na venia, kile kipimo cha kubana cha milimita. Kilaze kwenye mfereji, kisha inua kifaa kuelekea mwanga. Ukiona mstari wa mwanga kati ya paipu na mfereji, rudisha. Kitikise kidogo, hakitakiwi kugongagonga. Pitisha kidole ndani ya mfereji, usiwe na mikwaruzo, maana kila mkwaruzo utahamia kwenye kopa. Muuzaji akikuruhusu, pinda digrii 90 hapo hapo, halafu pima katikati ya kona kutoka mgongoni hadi tumboni. Mimi nikipata chini ya 9 mm naikataa.

Kupinda kwenyewe: alama ya sifuri ya mkono mmoja ikutane na ya mwingine, kilimi, ile ndoano ya benda, kikamate paipu, kisha vuta kwa mwendo mmoja usiokatika. Pita 90 kwa digrii mbili au tatu, kwani kopa hurudi kidogo ukiiachia. Ukikosea usiinyooshe uanze upya. Kopa ikipindwa huwa ngumu, na mara ya pili itabonyea au kupasuka hata kwenye benda bora. Ukiichoma hadi iwe nyekundu iliyofifia inalainika tena, hata ukiizamisha majini, tofauti na chuma. Lakini moto huacha magamba meusi ndani, nayo yataishia kwenye kompresa. Kata, tumia kipande kipya cha roli laini.

Mchanga una wenyewe: wanaopinda paipu za chuma za viti. Nao lazima wautumie mkavu kabisa, maana wenye unyevu ukipata moto hutoa mvuke unaoweza kufyatua kizibo kama risasi. Kwako wewe, chembe moja tu inatosha kuziba kapilari.

Kagua pia paipu yenyewe. Kuna roli nyembamba zinazouzwa kwa bei ya kuvutia. Kata ncha, ondoa makali, pima ukuta kwa venia. Gesi ya R410A ina presha karibu mara 1.6 ya gesi ya R22, kwa hiyo ukuta mwembamba kwenye kona iliyovutika si mahali pa kuokoa shilingi.

Springi yako ibaki nayo kwa 1/4. Na kabla hujavuta mkono wa benda, hakikisha nati ya flea, ile inayobana ncha iliyotanuliwa ya paipu, imeshaingia kwenye paipu. Kona ikishakaa, haipiti.