Kufungua Baofeng ifike chaneli 16: soma kabla hujashika pasi ya kuchomelea

Yakhe, umeuliza mambo mawili kwa pamoja: UV-5R zako mbili (redio za mkononi za Baofeng) zisikilizane na boti za Nungwi na Mkokotoni kwenye chaneli 16 ya bahari, ile ya wito na dharura, na zile redio za UHF (masafa ya juu kuliko ya bahari) ulizouziwa na kampuni ya ulinzi "zishushwe" zifike hukohuko. La kwanza ni jepesi kuliko unavyodhani. La pili sahau, na sababu nakupa.

Redio ina kufuli mbili. Moja ni ya programu: namba iliyoandikwa kwenye kumbukumbu inayoiambia isitume chini ya hapa wala juu ya pale. Hii inafunguka. Nyengine ni ya koili, kapasita na vichujio vilivyopigiwa hesabu ya masafa fulani, na hiyo kompyuta haiigusi.

UV-5R ya kawaida inatuma 136 hadi 174 MHz. Chaneli 16 ni 156.800, kwa hiyo imo ndani tayari na hapana cha kufungua, isipokuwa kama yako ni ya toleo lililofungwa 144–148. Kujua: unganisha mzigo bandia wa ohmu 50 (kifaa kinachomeza nguvu isiende hewani) badala ya antena, ingia hali ya masafa, andika 156800, bonyeza PTT (kitufe cha kutuma). Ikilia bila taa nyekundu kuwaka, imefungwa.

Kwa iliyofungwa, tumia CHIRP, programu ya kompyuta ya kupangia redio, ni ya bure. Soma redio kwanza, faili hilo lihifadhi pembeni usiliguse, kisha fanya kazi kwenye nakala. Mipaka ya VHF (masafa ya bahari yamo humo) na UHF iko upande wa mipangilio, sehemu ya mipangilio mingine. Matoleo mengine mapya hayasikilizi mipaka hiyo hata ukiandika, na hapo usihangaike. Usichukue faili la redio moja ukalimwaga kwenye nyengine yenye toleo tofauti la programu ya ndani. Ukiwasha huku umeshikilia 3, toleo linajitokeza kwenye kioo. CHIRP ikisema redio haijibu, mara nyingi kosa ni la kebo: ama plagi haijazama mpaka mwisho (chonga kidogo plastiki ya pembeni kwa wembe), ama chipu ya Prolific ni ya kughushi na dereva mpya inaikataa. Kebo ya FTDI huondoa maradhi hayo.

Mipangilio ya bahari: menyu 5 iwe WIDE, kwa kuwa bahari hutumia nafasi ya 25 kHz, ukiiacha nyembamba sauti yako itasikika ndogo na ya kubanwa. Menyu 11 na 13 (toni) ziwe OFF, hifadhi kwa menyu 27. Chaneli za boti kwa boti kama 06 (156.300), 08 (156.400), 72 (156.625) na 77 (156.875) ni masafa mamoja kwenda na kurudi. Za kituo cha pwani zina pande mbili zilizoachana 4.6 MHz: chaneli 26 unapokea 161.900 na kutuma 157.300, yaani menyu 25 iwe alama ya kutoa, menyu 26 iwe 4.600. Chaneli 70 iache kabisa, ni ya wito wa kidijitali, hapaongelewi mdomo.

Sasa zile za UHF. Redio ya 403–470 haiwi ya VHF. Osileta yake (saketi inayozalisha masafa) haifiki 156, na hata ingefika, hatua ya kuongeza nguvu imelinganishwa na masafa karibu mara tatu ya hayo. Kinachowezekana ni kusogea jirani: redio ya zamani ya VHF ya mgao wa 146–174 mara nyingi hukubali 145. Hapo kipimo ni volti za kuongoza osileta; zikifika ukingoni PLL (saketi inayoshikilia masafa yasihame) inakosa kushika na redio inalia mfululizo badala ya kutuma. Ijaribu ikiwa baridi na ikiwa imekaa juani saa moja juu ya sitaha ya boti, maana iliyoshika asubuhi huachia mchana.

Zile za Yaesu au Icom ambazo watu hutoa daiodi au risista ya sifuri ohmu: kila modeli ina sehemu yake, na bodi hubadilika toleo kwa toleo. Piga picha kwanza, pasi iwe ya ncha nyembamba kwenye nyuzi 330 hivi, usivute kipande kabla risasi haijayeyuka pande zote mbili, la sivyo njia ya shaba inabanduka nacho. Baadaye redio hutaka kurejeshwa upya, na kumbukumbu zote hufutika.

Watu wanasahau hamoniki, yaani masafa ya ziada yanayozaliwa kwa kuzidisha yale unayotuma mara mbili, mara tatu. Kutuma 156.800 huzaa pia 313.6 na 470.4, na kichujio cha redio rahisi mara nyingi ni dhaifu. Kadiri unavyoshuka chini ya masafa yake ndivyo hamoniki ya pili inavyosogelea mlango wa kichujio na kupita. Ukipanda juu yake, nguvu inarudi na kumchoma transista. Kama una kipima spektra cha tinySA, usikichomeke moja kwa moja: wati 5 ni dBm 37, weka kipunguzi cha dB 40 kinachohimili wati hizo. Mita ya SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka antena) ya bei rahisi hujumlisha hamoniki kama nguvu halali, ndiyo maana fundi anafurahia "wati 7".

Na nguvu si dawa ya umbali. Mkono kwa mkono, antena mita 2 juu ya maji kila upande, upeo ni kilomita 12 hivi. Kutoka Nungwi kufika Pemba utaongea na mawimbi. Antena ndiyo ya kugharimia: waya wa shaba wa nyumba wa 2.5, wima sentimita 45.5, miguu minne ya sentimita 48 iliyoinama nyuzi 45. Anza na 48 kwenye wima, kata milimita 3 kila mara ukiangalia SWR. Sentimita moja ni karibu 3.4 MHz. Mita 10 za kebo ya antena ya RG58 hula zaidi ya theluthi ya nguvu, na maji ya chumvi yakiingia kwenye wavu wa kebo hupanda ndani kama utambi, basi funga kiungo kwa mkanda wa mpira wa kujigandamiza.

Leseni ni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) hata huku kwetu, mawasiliano ni jambo la Muungano, na UV-5R si kifaa kilichoidhinishwa kwa bahari: haizuii maji, haielei, haina wito wa dharura wa kidijitali. Mimi ningeiacha isikilize tu, na boti ya abiria ipate redio ya bahari halisi. Na 16 si ya kupangia bei ya samaki. Mwite mwenzio, hamieni 72.

Zile za UHF, weka hapa namba ya modeli iliyo chini ya betri. Namba hiyo mara nyingi hueleza mgao, na pengine muuzaji mwenyewe hajui alichokuuzia.