Mvutano ni wa kamba, uvutano ni wa Dunia

"Mwalimu, shikamoo. Juma lililopita mimi na kaka yangu tulitazama filamu ya Gravity iliyotiwa maelezo ya Kiswahili. Mtafsiri alirudia mara nyingi kwamba 'angani hakuna mvutano, ndiyo maana wanaelea.' Kaka akasema neno sahihi ni 'uvutano'. Mimi nikasema ni yale yale. Mwenye haki ni nani?" Msomaji, Tanga.

Marahaba. Kwa upande wa herufi, kaka yako ana haki, na sababu nitakupa. Ila katika sentensi ya mtafsiri wenu, M na U ni kosa dogo. Kosa kubwa limekaa kwenye neno ambalo nyinyi wawili hamkuligusa kabisa: hakuna. Nimelivumilia neno hilo miaka mingi, katika filamu, katika vipindi vya watoto redioni, hata katika insha za wanafunzi wangu, na leo umenipa nafasi.

La herufi tulimalize upesi. Vuta huzaa vutana, na vutana huzaa majina mawili. Jina linaloanza na M na kuishia na -ano kwa kawaida hutaja jambo linalotokea baina ya pande mbili, likaanza na likaisha, na lina wingi wake: mkutano, mikutano, mgongano, migongano, mvutano, mivutano. Warithi huwa na mvutano juu ya shamba. Vyama huwa na mvutano bungeni. Kamba iliyokazwa ina mvutano. Uvutano ni hali ya kudumu, haihesabiki, haivunjwi kama kikao. Vitabuni utayakuta yote, mvutano, uvutano na hata graviti, ambalo asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "-zito". Mtu akiniambia "nguvu ya mvutano wa Dunia" simkatizi, kwa kuwa nimemwelewa. Nikiandika mwenyewe, naandika uvutano.

Sasa hilo "hakuna". Wewe ni mtu wa Tanga, ushahidi uko mlangoni mwako. Shuka ufukweni siku mwezi unapoandama, au usiku wa mwezi mpevu. Maji yatajaa yafike yasikofika siku nyingine, kisha yatakupwa mpaka watu waende kutafuta pweza mbali kabisa kwenye miamba. Wavuvi wanaita bamvua. Juma moja baadaye ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Anayeyavuta maji hayo ni Mwezi, Jua likimsaidia au likimpunguzia kazi, na Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi kutoka hapa tulipo. Kutoka huko unaivuta Bahari ya Hindi, na Dunia nayo inaushika Mwezi usitoroke.

Kituo cha Kimataifa cha Anga, kile kinachoonekana katika filamu mliyoitazama, kiko juu kiasi cha kilomita 400. Ni pungufu ya barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Kama barabara hiyo ingesimama wima, basi lingekipita kituo kabla halijafika stendi ya Dodoma. Niambie basi, uvutano unaofika kilomita laki tatu na themanini na nne elfu unaishiaje kwenye kilomita mia nne?

Hauishii. Kwenye kimo hicho uvutano wa Dunia ni karibu asilimia 89 ya ule unaokushika hapo ulipokaa. Tungejenga mnara wa kilomita 400, ukapanda juu yake na mizani, nayo hapa chini ilikusoma kilo 70, kule ingekusoma kilo 62 hivi. Ungesimama kwa miguu yako miwili. Embe lingekuponyoka, lingeanguka. Hakuna ambaye angeelea.

Wanaanga wanaelea kwa sababu wanaanguka. Hili ndilo linalopotea kila mtafsiri anaposema "hakuna mvutano", na linaniuma, maana ndiyo habari tamu kuliko zote. Mwanasayansi Mwingereza, Isaac Newton, aliieleza kwa mfano wa mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu mno. Mzinga ukirusha risasi polepole, risasi inaanguka karibu. Ukiongeza nguvu, inaanguka mbali zaidi. Ukiongeza hadi kiasi fulani, risasi inaanguka, lakini Dunia ni duara na ardhi inapinda chini yake kwa kadiri ileile inavyoanguka, hivyo haifiki chini kamwe. Inaizunguka Dunia. Kituo cha anga kinafanya hivyo kwa mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa, na kila baada ya dakika 90 na kitu kimemaliza mzunguko mmoja. Kituo kinaanguka, watu walio ndani wanaanguka, kijiko na tone la maji vinaanguka, vyote kwa kasi moja. Kwa kuwa sakafu nayo inaanguka, haimsukumi mtu miguuni, na mtu asiposukumwa miguuni hahisi uzito. Ungeuondoa uvutano kwa sekunde moja tu, kituo kingeacha kupinda njia yake na kuanza kwenda moja kwa moja.

Watengenezaji filamu wenyewe wanalijua jambo hili. Walipotengeneza filamu ya Apollo 13, iliyotoka mwaka 1995, waigizaji walipandishwa kwenye ndege ya NASA, shirika la anga la Marekani, iliyopaa kwa kasi kisha kuinamisha pua na kuanguka pamoja nao, sekunde 25 hivi kila mara, na kamera zikawapiga picha wakielea kwelikweli. Ndege ile haikutoka hata kidogo katika hewa tunayoivuta sisi. Walikuwa ndani ya uvutano wa Dunia karibu wote, na bado walielea.

Nirudi kwenye filamu yenu, maana humo kuna mahali ambapo maneno haya mawili yanatengana wazi, na mtafsiri aliyeyachanganya hawezi kumsaidia mtazamaji. Unakumbuka yule Dakta Stone, anayechezwa na Sandra Bullock, alivyonaswa mguu kwenye kamba za parachuti? Mkononi ameshika mshipi unaomfunga mwenzake Kowalski, yaani George Clooney. Kamba zimekazwa, Kowalski anazidi kuvutwa kwenda mbali, mwishowe anajifungua ili kumwokoa mwenzake, akapotelea gizani. Nilipoitazama mara ya kwanza machozi yalinitoka. Mara ya pili nikajiuliza: nani anamvuta Kowalski?

Wote wawili wanaanguka pamoja na kituo, kwa kasi ileile. Wakishatulia pembeni mwa kituo, hakuna kitu cha kumpeleka mmoja wao mbali. Kamba ingelegea, na Stone angemvuta kidogo tu, mwenzake akamjia. Mwanafizikia wa nyota wa Marekani, Neil deGrasse Tyson, alilisema hilo hadharani filamu ilipotoka mwaka 2013. Wapo waliomtetea mwongozaji, Alfonso Cuarón, kwamba kamba zilikuwa bado zinanyooka na wale wawili walikuwa hawajasimama bado. Utetezi huo una hoja, ingawa macho yangu yaliona watu waliokwisha kusimama.

Lakini itazame lugha. Kama kuna mahali popote katika filamu nzima pa kusema "hakuna mvutano", ni hapo, na kwa maana ya kamba: mvutano wa kamba hakuna, uvutano wa Dunia upo tele. Mtafsiri aliyekwisha kuwaambia watu kwamba juu huko hakuna mvutano, kisha akawaonyesha mtu anavutwa hadi kamba inamshinda, amewaacha na fumbo. Wanatoka wakidhani anga lina mambo yake, halifuati kanuni. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kijana anayetoka kwenye kibanda umiza akiamini hivyo amenyang'anywa kitu, na aliyemnyang'anya ni neno moja lililotumiwa ovyo.

Hata lile chozi la Stone linaloelea mbele ya kamera lina neno lake. Chozi halimwagiki hivyo. Mwanaanga wa Kanada, Chris Hadfield, akiwa kituoni alijitia maji jichoni ili watu waone: maji yalijikusanya kama donge, yakang'ang'ania palepale. Kinachoyashika ni mvutano, tena kwa M, mvutano wa uso wa maji, ule unaomwezesha mdudu mwepesi kutembea juu ya dimbwi bila kuzama.

Nikuonyeshe sasa kwa nini nalipenda neno letu kuliko graviti. Kilatini kiliangalia uzito wa kitu. Sisi tuliangalia tendo, vuta, kisha tukatia -ana. Pigana, pendana, vutana: huwezi kuvutana peke yako. Embe likidondoka, Dunia inalivuta embe, na embe nalo linaivuta Dunia kwa nguvu ileile, bila kupungua hata chembe. Dunia nayo husogea kulilaki embe, ila kwa ukubwa wake husogea kwa kiasi kidogo kisichopimika. Hiyo ni kanuni ya Newton iliyochapishwa mwaka 1687, na imo ndani ya silabi moja ya Kiswahili. Mtoto akiambiwa "uvutano" na akaelezwa hiyo -ana, amefundishwa nusu ya somo kabla mwalimu hajashika chaki. Halafu anakuja mtu na kipaza sauti kumwambia hakuna.

Badala yake aseme nini? Aseme "wanaelea". Neno hilo linatosha, na lina uzuri wake. Akitaka kueleza sababu, aseme "wanaanguka pamoja na chombo chao", au "hawahisi uzito". "Kukosa uzito" nalikubali kwa shingo upande, kwa kuwa vitabu vya fizikia vinasema uzito ni ile nguvu ya uvutano yenyewe, nayo haijakosekana. Kinachokosekana ni kuihisi. Ila kama ni lazima nichague la kusamehe, hilo nalisamehe.

Na akifika mwisho wa filamu, pale Stone anapojikokota kutoka majini, anashika mchanga, anajaribu kusimama na miguu inamtetemeka, asiseme kwamba mvutano umerudi. Aseme kwamba sasa Stone anauhisi.