Programu ya Benki Ikikwama, Amini Kumbukumbu Kuliko Skrini

Mteja wa benki anaposoma kwenye simu yake kwamba muamala haukufaulu, kisha akatazama salio na kukuta limepungua, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba ameibiwa. Hofu hiyo ninaielewa vyema, kwa kuwa ninatunza hesabu za duka la nafaka katika soko la Kibuye hapa Kisumu, na vilevile ni mweka hazina wa chama chetu cha kuweka akiba, ambako karibu kila shilingi siku hizi huingia na kutoka kupitia simu. Ushauri wangu ni kwamba katika dakika zile za hitilafu usiiamini skrini, iwe inakutia hofu au inakufurahisha. Amini zile kumbukumbu ambazo unaweza kuziweka mbele ya mtu mwingine naye akazikagua, yaani nambari ya muamala, taarifa ya akaunti na nambari ya malalamiko.

Inafaa kwanza kujua pesa husafiri vipi. Unapotuma pesa kutoka benki moja kwenda nyingine, au kutoka benki kwenda M-Pesa, benki yako hukata au huzuia kiasi hicho katika akaunti yako kwanza, kisha hupeleka agizo kwenye mtambo unaounganisha taasisi za fedha, na mtambo huo hulifikisha upande wa pili na kungoja jibu. Huduma ya PesaLink, iliyoanzishwa na mabenki ya Kenya mwaka 2017, ni mfano wa muunganisho wa aina hiyo. Kila kituo katika safari hiyo kimewekewa muda wa kungoja, na jibu likichelewa kupita muda huo, programu iliyo mkononi mwako inaweza kukuambia kwamba muamala umeshindikana ilhali agizo lenyewe bado liko njiani, au hata limekwisha kufika. Ndiyo maana benki hulinganisha hesabu zake na za taasisi nyingine, na ni katika ulinganishaji huo ambapo muamala uliokwama hukamilishwa au pesa hurejeshwa kwa mwenyewe. Tatizo ni kwamba mteja haelezwi lolote kati ya hayo, na kimya hicho ndicho kinachomuumiza zaidi.

Kwa sababu hiyo, kosa lenye gharama kubwa kuliko yote ni kurudia malipo papo hapo. Siku moja nilikuwa nikilipia mchele uliotoka Ahero, gari limekwisha kushushwa mzigo na dereva ana haraka ya kuondoka, programu ya benki yangu ikaniambia kwamba imeshindwa kutuma. Mama aliyekuwa ameleta mchele alinisihi nitume tena, akisema, "Mwanangu, hiyo ya kwanza imekataa, wewe jaribu nyingine." Nilimwomba uvumilivu, nikaangalia salio kwa ile huduma ya kupiga nambari inayoanza kwa nyota, ambayo haitegemei intaneti, nikaona kwamba kiasi chote kilikuwa kimekatwa. Nilimwonyesha taarifa ya akaunti yenye nambari ya muamala, nikamlipa sehemu ya deni kwa pesa taslimu za dukani ili aweze kumlipa dereva, tukakubaliana kuhusu sehemu iliyobaki. Pesa zilimfikia jioni hiyohiyo, akanirudishia zile taslimu. Laiti ningetuma mara ya pili, ningelazimika kumdai mtu ambaye ninahitaji aendelee kuniamini, na biashara ya mkopo sokoni haihimili madai ya namna hiyo.

Kabla ya kuamua lolote, basi, hakikisha kwa njia nyingine isiyokuwa ile programu iliyokwama. Njia hiyo inaweza kuwa ile huduma ya nyota, mashine ya ATM, wakala wa benki, au kaunta ya tawi ikiwa uko mjini. Salio likiwa halijapungua kokote, pesa hazijatoka na una hiari ya kujaribu tena baadaye. Likiwa limepungua, piga picha ya skrini ikionyesha saa, pakua taarifa ya akaunti, na umjulishe unayemlipa kwamba pesa zimetoka lakini hazijathibitishwa. Mimi humwambia mtu ukweli huo mapema, kwa maana anayengoja bila habari huanza kukushuku wewe wala si benki.

Wakenya wengi walijifunza kuamini pesa za simu tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na naamini kwamba sababu kubwa ilikuwa ule ujumbe mfupi unaomfikia kila upande ukiwa na nambari yake ya muamala, jina na kiasi. Mtu asiyewahi kuingia benki aliweza kumsomea mwenzake nambari hiyo na mzozo ukaisha hapohapo. Programu ya benki isiyotoa ithibati ya namna hiyo mara moja, au inayoificha ndani ya kurasa ambazo mzee wa kijijini hawezi kuzifikia, imekitupilia mbali kitu ambacho watu walikuwa wamekwisha kukizoea na kukitegemea.

Malalamiko yako yapeleke kwa maandishi. Kupiga simu ya huduma kwa wateja ni jambo jema, lakini sauti haibaki mkononi mwako, na kesho utazungumza na mhudumu mwingine atakayekutaka uanze hadithi upya. Andika barua pepe au ujaze fomu katika tawi, utaje tarehe, saa, kiasi, nambari ya muamala na akaunti iliyokuwa ipokee, kisha usiondoke bila nambari ya malalamiko. Benki ikikaa kimya au ikikuzungusha, nambari hiyo pamoja na nakala za barua ndizo utakazoambatanisha unapoiandikia Benki Kuu ya Kenya, ambayo kabla ya kukusikiliza itataka kujua kama ulianza kwa benki yenyewe. Hapohapo, jihadhari na wale wanaojitokeza kwenye Facebook na X pindi huduma inapokwama, wakijiita wahudumu wa benki na kukuomba nambari ya siri au tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwenye simu yako. Hakuna mhudumu wa kweli anayezihitaji. Nambari ya kupiga ni ile iliyochapishwa nyuma ya kadi yako.

Hitilafu inaweza pia kumpendelea mteja, na hapo skrini ni ya kuogopwa zaidi. Mnamo Machi 2024, kasoro katika mfumo wa Benki ya Biashara ya Ethiopia iliwawezesha wateja, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu, kutoa na kuhamisha pesa zaidi ya walizokuwa nazo. Kila muamala ulikuwa umeandikwa. Benki ilizidai pesa zake, na ikachapisha majina na picha za baadhi ya waliokawia kuzirudisha. Ukiona salio limefura pasipo sababu, usiliguse. Iarifu benki kwa maandishi, na uhifadhi nakala.

Nimewasikia wafanyabiashara wenzangu wakijipa moyo kwamba amana zao zimekatiwa bima. Ni kweli kwamba Shirika la Bima ya Amana la Kenya humlinda mteja hadi shilingi 500,000 katika kila benki, kiwango kilichopandishwa mwaka 2020 kutoka shilingi 100,000, lakini ulinzi huo ni wa siku ambayo benki yenyewe imeanguka. Hauhusu muamala uliokwama wala pesa zilizokwenda kwa mtu mwingine. Na si kila kukwama ni kosa la benki: mnamo Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, na Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Kwa hiyo dukani mimi huweka pesa taslimu za kulipia mzigo wa siku moja, na akaunti ya pili katika benki tofauti.

Lakini ninapopima kama benki inastahili kuendelea kuaminiwa, huwa sihesabu ni mara ngapi imekwama. Ninatazama jinsi inavyozungumza inapokwama. Benki ya TSB ya Uingereza, ilipohamishia kumbukumbu za wateja katika mfumo mpya mnamo Aprili 2018, ilisababisha wateja wapatao milioni 1.9 kufungiwa nje ya akaunti zao, na wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza faini ya pauni milioni 48.65 mnamo Desemba 2022. Mteja wa mitaa yetu ya Kisumu kama Kondele au Nyalenda hana wasimamizi wa kumfuatilia kwa ukali wa kiasi hicho kila jambo lake dogo, na ndiyo maana anahitaji benki inayomtumia ujumbe kabla hajauliza, ikimwambia kitu gani kimeharibika, pesa zake ziko wapi na zitarudi lini.

Katika chama chetu jambo hili lilituamulia pa kuweka hazina. Benki tuliyokuwa nayo ilishikilia michango ya wanachama kadhaa ikiwa njiani, na nilipofika tawini niliambiwa tu kwamba mfumo uko chini na nirudi wiki ijayo. Niliomba nambari ya malalamiko na hakuna aliyeweza kunipa. Michango ilipatikana yote, hata senti haikupotea. Hata hivyo niliwaeleza wanachama kwamba nisingeweza kuwahakikishia chochote safari nyingine kama sina karatasi ya kuwaonyesha, nao wakapiga kura tuihamishe hazina kwenye benki ambayo programu yake ina hitilafu zake pia, ila kila tatizo likiripotiwa huja na nambari na jina la afisa anayelishughulikia.