Afisa aliyejifanya mtoto mtandaoni: je, ni utetezi?

Umeuliza kama mshtakiwa wa kumshawishi mtoto kingono mtandaoni anaweza kuachiwa kwa sababu "mtoto" aliyewasiliana naye alikuwa afisa wa polisi. Katika sheria ya shirikisho ya Marekani hilo halimwokoi, kwani hata jaribio la kumshawishi mtoto kufanya ngono ni kosa, na adhabu yake ni kifungo cha kuanzia miaka 10 hadi maisha. Utetezi wa kuchochewa na serikali, yaani kusukumwa na maofisa kutenda kosa ambalo mtu asingelitenda, upo: mwaka 1992, katika kesi ya Jacobson, mtu aliyeagiza picha za ngono za watoto kwa posta, Mahakama ya Juu ilifuta hatia kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba mshtakiwa alikuwa na mwelekeo wa kutenda kosa kabla ya kufuatwafuatwa na maofisa. Hata hivyo, aliyeelezwa umri wa "mtoto" na bado akapanga kukutana naye hufaulu kwa utetezi huu kwa nadra sana, na naona ni haki. Wakili na asome mazungumzo yote, atazame nani alianza kutaja ngono.